Mlango Niliompa Hamida

Alhamisi, 21 Agosti

Leo nimejichongea mwenyewe. Kwa mdomo wangu, mbele ya akina mama wote wa darsa, nimetoa kitu ninachokipenda kuliko vyote — na nikatabasamu!

Niandike ilivyokuwa, labda hasira itapungua. Tulikuwa barazani kwa Bi Khulud baada ya Alasiri, tunagawana milango ya kusoma katika maulidi yetu ya akina mama. Yatasomwa Jumapili ya tarehe 14 mwezi ujao, hapa hapa Tandika. Kila mwaka mambo huenda vile vile. Bi Khulud, mwalimu wetu, anataja mlango, anataja jina, na aliyetajwa anakataa. Ndiyo adabu. Hutajwi tu ukadakia. Unainamisha kichwa, unasema mie siwezi, mpeni fulani. Wenzio wanakushika mkono, wanakubembeleza, Bi Khulud anarudia jina lako, ndipo unasema haya, inshallah, kwa kuwa mmenilazimisha.

Ukafika mlango wa kiyamu. Ule ambao watu wote husimama, ubani unafuka, marashi yananyunyizwa, na msomaji anaongoza salamu za Mtume huku ukumbi mzima unamwitikia. Mlango wangu. Nimeusoma tangu sijaolewa, na kabla yangu aliusoma bibi yangu. Watu wa Temeke nzima — haya, wa Tandika — wakisema kiyamu wanasema Bahiya.

"Bahiya," akaita Bi Khulud.

Nikainamisha kichwa vizuri sana. Nikasema, "Mie kila mwaka, jamani! Mpeni na mwenzangu. Mpeni hata Hamida."

Nilimtaja Hamida kwa sababu alikuwa mbele ya macho yangu, na kwa sababu, niseme ukweli, sikudhani kuna ambaye angempa. Hamida ni fundi cherehani, mtu wa Lindi, ana mwaka mmoja tu kwenye darsa letu. Anakaaga nyuma, karibu na viatu. Ananipindia mabaibui ya dukani kwangu. Basi nikasubiri kushikwa mkono na kubembelezwa.

Hakuna mkono uliokuja!

Bi Khulud akanitazama, akasema Allah anilipe kwa moyo huu, maana ni wachache wanaoweza kuachia kitu wanachokipenda. Kisha akageuka. "Hamida, umesikia? Kiyamu mwaka huu utasoma wewe."

Na Hamida, masikini, hata kukataa hakukataa. Sijui kwao hawafanyi hivyo au pumzi ilimkata.

Mimi nikasema mashallah. Nikapiga na kigelegele. Mimi mwenyewe! Kigelegele changu kilikuwa cha kwanza.


Ijumaa, 22 Agosti

Khalil amecheka mpaka akaweka kikombe chini. Mume gani huyu? Namweleza kwa uchungu, yeye ananiuliza kwani si ulisema hutaki. Nikamwambia sikusema sitaki, nilikataa tu. Akasema tofauti hiyo atakwenda kumwuliza sheikh baada ya swala, yeye imempita.

Pilau ya leo nimeitia chumvi mara mbili. Kaila yote na kaomba nyingine.


Jumapili, 24 Agosti

Jambo la ajabu. Nimekuwa maarufu kwa unyenyekevu!

Lilianzia kwenye grupu letu la WhatsApp. Mke wa Sadallah wa duka la dawa alituma voisi ndefu: kwamba Alhamisi ameona kitu cha kuzingatia, kwamba wengine wangekufa na mlango wao mkononi, lakini Bahiya kauachia kwa tabasamu, Bahiya hana nafsi, hana kujikweza. Voisi zikafuatana. Hana nafsi! Mashallah! Tujifunze! Nimezisikiliza zote. Moja nimeirudia, ya mke wa Sadallah, kwa sababu mwanzo wake haukusikika vizuri. Basi, na mwisho wake pia.

Mchana akaja mteja nisiyemjua kabisa, anatoka Mtoni, ananiambia naye amesikia. Nikainamisha macho. Nikasema kwa sauti laini ambayo sijui ilitoka wapi, "Ni ya Mungu yote, dada yangu." Akachukua mitandio miwili.

Jioni nikajikuta mbele ya kioo naijaribu sauti ile. Ni ya Mungu yote. Inakaa vizuri zaidi kichwa kikiinama kidogo upande wa kushoto. Nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa — Yuliana, jirani, amekuja kuazima kinu. Amesimama mlangoni sijui tangu lini.

Sikuwa na jinsi, nikamsimulia yote. Yuliana ni Mkatoliki, mwimbaji wa kwaya, na ni mtu asiyejua kucheka kidogo. Akakaa chini kabisa. Akasema yaliwahi kuwakuta na wao. Paroko alihubiri habari ya kujikana, Jumapili iliyofuata waimbaji wote wa solo wakajitoa, kila mmoja anasema mwenzangu ndiye anafaa. Wakakubaliwa. Wakanuna wote! Ikafika Pasaka hakuna wa kuimba solo, akaimba mpiga kinanda, Mzee Polikarpo, ambaye Mungu alimpa vidole lakini sauti akampa mtu mwingine.

"Jirani," akaniambia akijifuta machozi, "hiyo nafsi yenu na yetu ni hiyo hiyo moja. Inabadilisha sare tu."


Jumatatu, 25 Agosti

Hamida amekuja dukani. Nilidhani kaleta mabaibui. Kumbe mikono mitupu. Akasimama pale kwenye majora ya vitambaa, anachezea ncha ya mtandio wake.

"Da Bahiya, nakuomba unifundishe. Kwetu maulidi tunasoma, ila mahadhi yetu mengine. Wewe ndiye uliyenitaja mbele za watu. Sitaki nije nikuaibishe."

Wallahi nilihisi kitu kinafunguka moyoni, na hakikuwa kitu kizuri. Kwanza nilifikiri kusema nina kazi nyingi. Halafu likanijia wazo jingine, baya zaidi. Katikati ya zile salamu kuna mahali ambapo usipovuta pumzi mapema, mapema kabisa kabla hujaihitaji, sauti inakuvunjikia mbele ya kadamnasi. Kitabuni hakuna alama. Mimi nilionyeshwa na bibi, kila nikisahau alinifinya kiuno. Ningeweza kumfundisha Hamida kila kitu, nikaacha hapo tu. Nani angejua?

Nikamwambia njoo Jumatano.

Alifurahi mpaka akataka kunibusu mkono. Nikauficha nyuma. Ulikuwa na kosa tayari, ingawa haujatenda chochote.


Jumatano, 27 Agosti

Nimemwonyesha pale pa pumzi. Mwanzo kabisa, hata kabla bismillahi haijakauka mdomoni, nikaogopa nisije nikabadili mawazo. "Hapa, Hamida. Vuta kabla hujaihitaji." Akaweka kidole pale kitabuni, akakiacha muda mrefu. Nikajiona mtu mwema kabisa. Hali hiyo ilidumu hadi chai ilipoisha.

Kwa sababu chai ilipoisha, Hamida akasoma. Sauti anayo! Nzito kidogo, ya chini. Ila anaivuta sana, anaizungusha, anashuka pale ambapo mimi hupanda. Hayo ndiyo mahadhi ya kwao. Nikamwambia hapana, hapa juu. Hapa kata. Hapa tetemesha kidogo — kidogo tu. Akafuata bila ubishi. Mtu mwepesi wa kushika.

Tumecheka pia. Anasema mwaka mzima alikuwa anakaa karibu na viatu kwa sababu mara ya kwanza alipokuja ndala zake ziliibiwa. Na mimi siku zote nilijua ni unyenyekevu!


Jumamosi, 30 Agosti

Khalil alirudi kutoka msikitini akasimama nje ya dirisha, akaniita nimpe ufunguo wa stoo. Nikamjibu kutoka jikoni. Akashangaa. Alidhani anayesoma sebuleni ni mimi!

Kwa furaha nimempa Hamida halua na mtandio wa hariri, ule wa kijani. Amefika. Kupanda ni kwangu, kukata ni kwangu, hata ule mtetemo wa mwisho, ni mimi mtupu. Tarehe 14 watu watamtazama Hamida na watanisikia mimi. Na sifa ya unyenyekevu bado ninayo! Nani kama mimi?

Nimeisoma tena sentensi hiyo. Astaghfirullah. Lakini siifuti, maana ndivyo nilivyojisikia.


Jumatatu, 1 Septemba

Nimefunga sunna leo. Bi Khulud anasema funga inaitia nafsi adabu.

Muuza maji kapita, nikamwambia nimefunga. Yuliana kaleta kipande cha keki, nikamwambia nimefunga. Mteja kalalamika joto, nikamwambia yeye afadhali, mimi nimefunga. Fundi wa feni hata hakuniuliza. Kufika Adhuhuri nadhani soko zima la Tandika lilikuwa na habari.

Magharibi nimefuturu kwa tende na aibu.


Alhamisi, 4 Septemba

Darsa fupi, watu wana pilikapilika za sikukuu ya Maulidi. Bi Khulud kazungumzia nafsi. Alikuwa ananitazama? Hakuwa ananitazama. Mimi ndiye niliyekuwa nadhani kila neno lina anwani yangu, ambayo nayo ni nafsi hiyo hiyo.

Mke wa Sadallah aliuliza swali zuri. Kwamba kama nafsi ni adui, basi mtu ajichukie? Akitazama kioo ageuke?

Bi Khulud kacheka mpaka jino lake la dhahabu likaonekana. "Nani kakwambia Mungu kakuumba ili ujichukie, mwanangu? Sauti ni yake Mungu, sura ni yake, akili ni yake. Wewe mpangaji tu. Mpangaji hapandi juu ya bati akaandika jina lake. Lakini pia havunji vioo vya madirisha kwa kuwa nyumba si yake. Anafagia, anakaa, anashukuru."

Wapangaji wote barazani wakaguna. Mmoja akasema na kodi je? Tukacheka mpaka darsa likaishia hapo.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nikafagia hata uani.


Jumapili, 7 Septemba

Sijui nianzie wapi. Nianze na mabaibui.

Hamida alikuwa hajayaleta, nikaamua kuyafuata mwenyewe. Amepanga chumba kwenye nyumba ya mtaa wa nyuma, cherehani yake iko ukumbini, kwenye dirisha la upande wa uchochoro. Nikapitia uchochoroni. Kabla sijabisha nikamsikia anasoma. Mlango wa kiyamu. Lakini si wangu!

Alikuwa peke yake, anashona. Anasoma kwa mahadhi ya kwao. Chini, polepole, anakwenda na mguu wa cherehani. Mshono ukifika mwisho naye ananyamaza, anageuza kitambaa, anaendelea pale pale alipoachia. Hakuwa anamsomea mtu. Alikuwa kama anazungumza na aliyekaa naye karibu, anayemjua, asiyehitaji kupandishiwa sauti. Na pale pa pumzi alivuta vizuri, mapema, kama nilivyomwonyesha, kisha akashuka na salamu zile mpaka mahali ambapo mimi sijawahi kufika kwa sababu siku zote niko juu.

Nilisimama uchochoroni na mfuko wa vitambaa, kuku wananizunguka miguu. Vinyweleo vilinisimama. Nikalia. Si wivu — wivu naujua, tumezoeana. Ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu nikiwa mtoto nimeyasikia yale maneno. Nimeyasoma miaka yote, na nikisoma huwa najisikiliza. Nasikia imepanda vipi, imetetemeka vipi, nani katikisa kichwa. Leo nilisikia kwamba yuko anayesalimiwa. Nilihisi kutaka kusimama, na nilikuwa nimeshasimama.

Nikajifuta uso, nikabisha. Akakatisha hapo hapo.

"Samahani, da Bahiya! Nilikuwa nachezea tu. Siku yenyewe nitasoma ile yako, usiwe na wasiwasi."

Na mimi nikasema nini? Mimi niliyelia uchochoroni dakika hiyo hiyo? Nikasema, "Vizuri."

Neno moja. Nikachukua mabaibui yangu nikaondoka.


Jumatatu, 8 Septemba

Sijamwambia.


Jumanne, 9 Septemba

Nimemwambia Yuliana badala yake. Tulikuwa tunachambua mchele wa Jumapili, maana kajitolea kusaidia, anasema pilau haina dini. Akanisikiliza bila kucheka, jambo ambalo lilinitisha.

Akasema mwambie leo. Nikasema siku zimekwisha, nikimbadilishia sasa atachanganyikiwa. Akaniuliza, "Atachanganyikiwa nani?"

Nikasema mchele huu una mawe mengi.

Usiku nimewaza maneno ya Bi Khulud kuhusu mpangaji. Mimi jina juu ya bati langu nimeandika, sawa, nitalifuta. Lakini nimeingia hadi chumba cha mpangaji mwenzangu nikamhamishia vyombo vyake vyote, nikavipanga kama vyangu, na mwenye chumba akanishukuru.


Alhamisi, 11 Septemba

Mazoezi ya mwisho. Tulisoma milango yote, tukajaribu spika, na tukagombana juu ya nani atashika chetezo cha ubani na nani atashika mrashi wa marashi. Kila mtu anasema mie hapana, mpeni mwenzangu! Safari hii nilitazama kwa makini nani anabembelezwa.

Hamida akasoma kiyamu. Hakukosea hata herufi. Alipomaliza wakamrukia. "Bahiya mtupu! Ukifumba macho ni Bahiya!" Wengine wananipigia makofi mimi. Nikafurahi, mwongo nisiwe. Nilifurahi mpaka masikio yakawaka moto. Halafu nikamwona Hamida. Alikuwa ametazama chini kama mtu aliyesifiwa nguo ya kuazima.

Bi Khulud hakusema mashallah. Alifunga kitabu, akauliza kwa utaratibu kabisa: Bahiya nimemsikia, Hamida nitamsikia lini?

Wenzangu wakadhani ni mzaha. Wakacheka. Nikacheka nao.

Baadaye tulikuwa wawili jikoni, mimi na Hamida, naosha vikombe, yeye anafuta. Ilikuwa nafasi nzuri kabisa. Nikafungua mdomo. Nikamwuliza kama sare zote za maulidi zimekwisha kushonwa.


Jumamosi, 13 Septemba

Siku nzuri tangu asubuhi! Uani kwa Bi Khulud tumemenya vitunguu mpaka hakuna aliyejua nani analia kwa nini. Yuliana kasimamia masufuria kama kamanda. Asumini zimetungwa. Sare zimefika, kijani, mshono safi, kila mtu imemkaa. Mke wa Sadallah kavaa yake papo hapo akazunguka nayo uwanja mzima.

Hamida hakuja. Sare alizituma kwa bodaboda. Wanasema amejifungia anajiandaa.

Nitamwambia kesho asubuhi. Asubuhi mapema. Usiku huu apumzike.


Jumapili, 14 Septemba

Maulidi ni baada ya Adhuhuri. Sasa ni saa nne. Naandika nimekaa kitandani, sare ya kijani imenikaa mwilini na mambo yamepinduka.

Nilipoamka nikakuta voisi ya Hamida. Sauti ya chini, ile ya cherehani. Anasema amejaribu tangu Alfajiri. Akisoma kwa namna yangu, ni nzuri lakini anajihisi amevaa nguo yangu, na yeye ni fundi, anajua nguo inayombana mtu. Akisoma kwa namna ya kwao, ataniaibisha mimi niliyempa heshima na kumfundisha. Kwa hiyo mlango urudi kwa mwenyewe. Yeye atakuja mapema amsaidie Yuliana kugawa chai. Nimsamehe. Halafu kaongeza: sijapata kufundishwa na mtu kwa moyo kama wako, da Bahiya.

Kwa moyo!

Hata sijaiweka simu chini, Bi Khulud akapiga. Nikamwamkia shikamoo. Akasema Hamida kamwambia hatasoma, amembembeleza na amebembeleza tena, wapi. Akasema kuna mlango hauna mtu na saa zinakwenda.

"Ukiusoma wewe, hakuna atakayekulaumu, mwanangu. Wala mie sitakulaumu. Tazama mwenyewe."

Akakata. Kwenye grupu habari ilikwisha fika. Alhamdulillahi! Mwenyewe karudi! Mke wa Sadallah kaandika kwamba aachiaye kwa ajili ya Mungu, Mungu humrudishia, na kwamba kisa hiki kitasimuliwa. Khalil kasikia, kaja mlangoni na pasi mkononi anacheka: kumbe kukataa kwenu kunazaa matunda, ila yanachelewa. Kanipigia pasi mtandio bila kuombwa.

Basi nikaingia bafuni nikajaribu. Kidogo tu. Jamani! Sauti imetoka leo, sijawahi kuisikia hivi katika maisha yangu. Imepanda bila shida, ule mtetemo umekaa wenyewe. Yuliana kapiga ukuta kutoka kwao: "Jirani, leo utawaua!"

Ndicho kitu nilichokitaka tangu ile siku barazani. Kimerudi chenyewe, kimefungwa vizuri, na juu yake zimewekwa asumini. Sikukiomba. Sikumfanyia hila yoyote. Pale pa pumzi nilimwonyesha. Hakuna aliyedhulumiwa, na nikisimama leo katikati ya ubani ule, watu watalia.

Lakini mimi sitalia. Nitakuwa najisikiliza.

Na katika Tandika nzima aliyemsikia Hamida ni mimi peke yangu, mimi na kuku wa uchochoroni. Bi Khulud anahisi tu. Hamida mwenyewe hajijui, anadhani alikuwa anachezea. Nisiposema mimi, hakuna wa kusema. Ataosha vikombe leo, kesho atarudi karibu na viatu vyake, na ile namna ya kusoma itabaki pale ukumbini na cherehani. Nilipaswa kusema siku ile ile. Nikasema "Vizuri".

Saa nne na nusu. Nimeamua. Nitamwambia: Hamida, nilikuwa nje ya dirisha, nilikusikia, nikalia. Soma hivyo. Usiniige mimi hata herufi moja. Nitasimama nyuma yako na mrashi wa marashi, niitikie kama watu wengine.

Nikitamka "nitasimama nyuma yako" kuna kitu kinachoma. Kichome. Nitasema nacho hivyo hivyo.

Nimepiga. Haikupokelewa. Nikashusha pumzi — ya nini? Nikaona haya mwenyewe. Nimepiga tena.

Simu iko juu ya kitanda, kwenye spika, ili mikono iwe na kazi ya kuandika isije ikakata. Inaita. Nasema moyoni, pokea Hamida, pokea, mdogo wangu, wakati bado upo. Nasema kweli. Na humo humo ndani kuna mwingine, ana sauti nzuri, nzuri kuliko siku zote, amepanda juu kabisa na anaomba: usipokee.

Inaita bado.